Mwanafunzi wa Usingizi

Kila asubuhi kiranja wa darasa la sita alifuta ubao, akapanga chaki na kukagua kucha za wenzake. Lolote likitokea, yeye ndiye wa kwanza kuliona. Ndiyo maana alishtuka pale jirani yake wa dawati, msichana waliyembandika jina la Usingizi kwa kukoroma kwenye hesabu, alipopata alama tisini kwenye jaribio la hesabu za sehemu.

"Juzi tu ulikuwa hujui nusu na robo ipi kubwa," alimwambia. "Umelishwa nini?"

"Nimesoma tu," Usingizi akajibu, akiuficha mkono mfukoni.

Vidole vyake vilikuwa na vumbi jeupe. Chaki! Na vipande vya chaki vilikuwa vikipungua darasani. Anayeiba chaki atashindwa kuiba majibu? Penye moshi hapakosi moto. Kiranja akaenda kwa mwalimu.

"Umemwona akiiba?" mwalimu akauliza.

"Sijamwona, lakini wasiwasi ndiyo akili, mwalimu."

"Ila si ushahidi. Siwezi kufuta alama za mtu kwa wasiwasi. Nenda kaone."

Jioni kiranja alimnyatia Usingizi hadi kwenye kibanda cha mama yake, fundi cherehani, akachungulia penye upenyo. Usingizi alisimama mbele ya mlango wa kabati uliojaa hesabu za chaki. Mama alikaa kwenye kigoda, tepu shingoni.

"Kitambaa mita tatu na robo, gauni moja mita moja na nusu. Yanatoka mawili, inabaki robo," alisema Usingizi.

"Kwa nini? Usinipe jibu kavu, mwalimu wangu. Kwa tepu nakata vizuri, lakini kwa maandishi kichwa changu kizito kama pasi ya mkaa!"

Usingizi akacheka, akafuta, akaanza upya polepole. Kiranja akaegemea mlango wa kibanda, nao ukalia kwiii.

"Nani huyo anayechungulia?" mama akauliza.

"Shikamoo, mama. Ni mimi... nilidhani anaiba."

Uso wa Usingizi ukabadilika. "Umeshanisema kwa mwalimu?"

Kiranja akainamisha kichwa. "Mbona ulificha mkono?"

"Mngemcheka mama."

Asubuhi kiranja alikiri kosa lake mbele ya mwalimu na Usingizi.

"Vile vipande vya chaki nilimpa mimi," mwalimu akasema. "Nilimwomba mama yake asiulize amepata ngapi, bali aombe kufundishwa. Mtoto akijua kuna mtu anayengoja somo lake, hasinzii. Nawe nilikutuma kwa sababu ningekueleza tu, usingeamini. Kabla ya kumshuku mwenzako aliyeamka, muulize kilichomwamsha."

"Nisamehe," kiranja akamwambia mwenzake.

Usingizi alimtazama kwanza kwa mashaka, kisha akatabasamu. "Leo tunaanza desimali. Lakini mwanafunzi mgeni anakaa nyuma ya mama."