Kipimo cha Korongoni

Haya yalimkuta rafiki yangu, msoma kipimo cha maji, wala si mtu wa kutia chumvi. Kila mchana huteremka hadi pale korongo linapoingia mto mkubwa, akasoma namba zilizochorwa ukutani ndani ya kalavati linalopitisha maji chini ya barabara, akaandika daftarini. Masika, hata siku maji yalipomchukua mdogo wake, alisoma akaandika: sentimita mia na arobaini. Tangu hapo hakulia, hakucheka. Yupo kama hayupo.

Kiangazi kilipofika, korongo likabaki mchanga mtupu. Siku moja aliingia katika giza la kalavati akasikia chwa, chwa, maji yakipiga ukuta. Akawasha tochi. Pakavu. Akaandika sifuri, akarudi nyumbani.

Mkewe, fundi cherehani, aliinua macho. "Baba watoto, korongo limejaa?"

"Kavu kau."

"Sasa umelowaje hivyo?"

Akajitazama. Alikuwa amelowa chapachapa hadi kifuani, na alama ya maji imenyooka kama iliyopigwa rula. Hata baridi hakuwa ameisikia.

Mkewe akavuta utepe wake shingoni, akampima kuanzia kisiginoni hadi kwenye ile alama.

"Mia na arobaini," alisema.