Mzee Wilf Hataki Kusukumwa

Harufu ya vitunguu ilianza asubuhi, kabla injini haijapata hata mvuke wa kupulizia filimbi.

Gwenda Cawthorne alikuwa chini ya injini hiyo, Ravensworth, amelala chali juu ya gunia, anapaka grisi mahali ambapo mikono minene ya wenzake haipenyi. Harufu ikamfikia waziwazi: vitunguu vinavyokaangwa kwa siagi juu ya chuma. Akapaza sauti, “Nani huyo anajipikia? Wenzenu hatujapata hata chai!”

Akajiburuza nje, akapanda kwenye kibanda cha dereva. Hakukuwa na mtu. Beleshi la makaa lilikuwa limeegemezwa ukutani, safi, baridi, na ndani ya tanuri moto ulikuwa bado mdogo, wa kupasha maji tu. Lakini harufu ilijaa mle mpaka macho yakamwasha.

Mtu mmoja tu katika banda lile aliwahi kukaanga vitunguu juu ya beleshi mdomoni mwa tanuri. Huyo alikuwa baba yake, Mzee Wilf, na Mzee Wilf alikuwa amefariki mwaka uliopita.

“Harufu ya nini hiyo?” aliuliza Norris Peel kutoka chini. Norris alikuwa rafiki wa marehemu tangu ujanani, mzee mrefu mwenye masikio makubwa.

“Kumbe hata wewe unaisikia?”

“Mimi? Mimi sisikii kitu,” alisema Norris upesi, akaenda zake, ilhali ndiye aliyeuliza.

Watu hawa wa chama cha Ravensworth ukiwaona mara ya kwanza utadhani wamelogwa tayari. Wiki nzima wako maofisini kwao, Lancaster, kaskazini mwa Uingereza, na vitongoji vyake, na Jumamosi wanakuja kujipaka masizi bila mshahara, ili injini ya mvuke ya zama za babu zao itoke siku chache kwa mwaka kwenye reli kuu, katikati ya treni za kasi za siku hizi. Abiria wao nao hawana pa kwenda. Wanapanda asubuhi, wanashuka Carlisle kunyoosha miguu, wanarudi. Wanachokifuata ni ule muda injini inapoukabili mlima kwa nguvu zake yenyewe, inanguruma mpaka vikombe vinacheza mezani, na watu wazima wenye wajukuu wanasogea madirishani huku machozi yakiwatoka, machozi ambayo baadaye watayasingizia moshi.

Na wakifa, wengi huacha wosia wa namna moja. Maiti ichomwe, kisha majivu yatiwe kwenye tanuri la injini waliyoipenda, watokee kwenye dohani, waanguke mlimani pamoja na masizi. Ndivyo alivyotaka Wilf. Alimshika Gwenda mkono hospitalini, akamwambia, “Kileleni Thornber, binti yangu. Injini ikivuta peke yake. Bati lisiniguse.”

Bati ni jina la dharau walilolipa injini ya dizeli, ile ambayo wenye reli hulazimisha ifungwe mkiani mwa treni ya mvuke, iisukume endapo mvuke utashindwa. Wilf alilichukia Bati kuliko alivyoichukia serikali, na serikali alikuwa haipendi hata kidogo.

Gwenda aliahidi. Lakini kibandani sheria inaruhusu dereva, mchochea moto na mtu mmoja tu wa ziada, na siku ya majivu zamu ilikuwa ya Norris. Alirudi na kopo tupu, anafuta macho. “Amekwenda, Gwenda. Kileleni kabisa.” Gwenda akamkumbatia.

Tangu siku ile Ravensworth haikuupanda tena mlima wa Thornber kwa nguvu zake. Inatoka Lancaster vizuri, inakimbia, na ikifika chini ya mlima mvuke unakata. Walibadilisha makaa. Walizibua mabomba. Walileta mtaalamu, akakuna kichwa, akanywa chai, akaondoka. Kila safari Bati linapiga honi yake ya mafua kule mkiani na kuwasukuma juu kama mkokoteni wa taka, na abiria waliosubiri mwaka mzima wanafunga madirisha na kutazama viatu vyao. Gwenda alikuwa amechoka kuomba radhi. Alikuwa na hasira za kila siku, hasira za mtu anayesukuma mlango ambao watu wote wanamwambia uko wazi.

Na safari ya leo ilikuwa ya mwisho. Kibali cha boila, lile tangi linalochemsha maji ya mvuke, kilikuwa kinaisha jioni, na baada ya hapo Ravensworth ingefunguliwa vipande na kukaa hivyo kwa miaka. Wenye reli walikwisha sema: ikishindwa mlimani leo, hata ikitengenezwa upya haitarudi kwenye reli kuu. Itakwenda kuzungushwa kwenye kipande cha reli cha watalii, ikibeba watoto na maputo.

Waliondoka kwa shangwe. Gwenda alikaa kwenye behewa la mafundi, lile linalofuata injini, na kwa saa moja akasahau kila kitu. Dereva Idris, mtu wa Wales asiyependa maneno, aliiachia injini ikimbie kwenye uwanda wa pwani, na pumzi zake zikawa hazihesabiki tena, zimekuwa mvumo mmoja. Mabehewa yalitikisika, madirisha yakapigwa na moshi, na mama mmoja wa makamo akaingia kwa mafundi bila ruhusa, akawabusu wote mashavuni, akatoka. Gwenda alicheka. Moyo ukamwenda mbio kama alipokuwa mtoto magotini kwa baba yake.

Ndipo walipofika Aldby, chini ya mlima, wakakuta taa nyekundu. Wakaingizwa njia ya pembeni kupisha treni ya mizigo.

Ravensworth ikasimama, ikapumua. Na katika utulivu ule, kutoka ng'ambo ya ukuta wa behewa, Gwenda akasikia: ko, ko, ko.

Aliijua sauti ile. Kila safari ilipokwisha, baba yake alikuwa akigonga kipimo cha mvuke kwa pete yake ya ndoa mara tatu, anasema, “Twende tena.”

Aliruka chini, akakimbilia kibandani. Callum, mchochea moto, jamaa wa misuli anayejulikana kwa makelele, alikuwa amejibana pembeni na anaongea kwa kunong'ona.

“Dada Gwenda, moto unakula makaa lakini hautoi joto.”

“Unasema nini wewe?”

“Weka mkono. Weka tu, uone mwenyewe.”

Mlango wa tanuri ulikuwa wazi na ndimi za moto zilikuwa nyeupe, za kuumiza macho. Gwenda alisogeza mkono taratibu, akasogeza zaidi, na kilichompulizia vidole kilikuwa baridi, baridi ya handaki la kuhifadhia viazi, yenye harufu ya vitunguu. Mshale wa kipimo ulikuwa unashuka mbele ya macho yao.

“Ni hapa,” alisema nyuma yao Norris, ambaye leo pia zamu ya kibandani ilikuwa yake. Alikuwa ameshika ukuta kwa mikono yote miwili.

“Hapa nini?”

“Nilimtia hapa. Sikumtia kileleni.” Akaelekeza kidole tanurini. “Tulisimama hapahapa kama leo, taa nyekundu, tukachelewa, ikaja amri Bati litusukume mpaka juu. Nikaona basi, wosia umekwisha haribika. Nikamtupa humo, injini imesimama. Halafu Bati likamsukuma mlima mzima.”

“Ukaniambia kileleni! Nikakukumbatia!”

“Ulikuwa unalia, mwanangu. Ningesemaje?”

“Ungesema kweli, mzee mnafiki we!”

“Punguzeni sauti,” alinong'ona Idris. “Abiria wanasikia.”

Mmoja alikwisha sikia. Padri Ambrose, ambaye hakukosa safari hata moja na ambaye shingoni alivaa saa ya kupimia mwendo kando ya msalaba wake, alikuwa amesimama chini kwenye kokoto. Alipoelezwa hakucheka. Alivua kofia, akabariki maji kwenye kikombe cha chai, akaanza sala ya kufukuza roho, kisha akayarusha yale maji tanurini.

Hayakuchemka. Yaliganda hewani, yakaanguka juu ya makaa mekundu yakilia kama changarawe, na katika mvumo wa moto, polepole, kwa sauti ya mzee aliyetoka kulala, maneno yakatoka:

“Msinisukume.”

Padri alirudi nyuma hatua kadhaa, akaivaa kofia yake kinyumenyume.

“Gwenda,” alisema, “huyu hafukuziki. Huyu si pepo. Huyu ni mwanachama mwenye malalamiko.”

Treni ya mizigo ikapita. Taa ikawa kijani. Gwenda alitazama mshale, akatazama mlima, na akajua anachotakiwa kufanya, na akakasirika kwamba hata akiwa amekufa baba yake bado anapanga mambo na yeye ndiye wa kuyatekeleza. Akachukua simu, akampigia Trevor, dereva wa Bati.

“Trevor, usisukume.”

“Mvuke wenu ukikata?”

“Usisukume.”

“Mama wee! Mkikwama handakini mnafunga reli yote. Hawatawaruhusu tena maisha!”

“Najua. Usiguse kitu mpaka nikuambie mimi.” Akakata. “Norris, shuka. Zamu yangu.”

Norris alishuka, akapanda behewa la mafundi.

Wakaanza kupanda. Mwanzoni Ravensworth ilivuta kwa heshima, pumzi nzito, moja moja, na Callum akatupa makaa mpaka shati likamgandia mgongoni. Lakini mshale ulizidi kushuka, mwendo ukapungua, kondoo wa kando ya reli wakawa wanawapita kwa kutembea. Mbele, mdomo wa handaki la Thornber ukafunguka, na kilele kiko upande wa pili wa handaki hilo. Wakaingia.

Giza lilikuwa la kushikika, moshi ukarudi chini ukawafunika, na mwanga pekee ukawa ule wa tanuri lenye baridi, na kwa mwanga huo Gwenda akaona vivuli ukutani, kivuli cha Idris ameshika mpini wa kufungulia mvuke, kivuli cha Callum ameinama, kivuli chake mwenyewe, na kingine, kifupi, chenye kofia, kimesimama katikati yao kikichota makaa kwa utaratibu wa mtu asiye na haraka, ilhali beleshi Callum alikuwa amelikumbatia kifuani kwa mikono miwili na meno yakimgongana. Magurudumu yakateleza, yakashika, yakateleza tena. Nyuma, mamia ya watu walinyamaza kimya gizani.

“Tunasimama,” alisema Idris kwa sauti ya chini. “Gwenda, mwite Trevor.”

“Hapana.”

“Dada, mwite, nakuomba kwa jina la Mungu,” alisema Callum, naye alikuwa analia kweli.

Gwenda alikuwa na simu mkononi na kidole juu yake, na aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa, lakini chini ya hofu kulikuwa na ghadhabu ya mwaka mzima, ghadhabu ya radhi zote zile na madirisha yote yale yaliyofungwa, nayo ndiyo iliyopiga kelele.

“Baba! Hakuna anayekusukuma! Ulitaka kuvuta, vuta basi, mzee mkaidi wewe, vuta!”

Kitu chenye pete kilimgusa bega. Joto likarudi lote kwa pamoja. Tanuri likanguruma, mshale ukaruka, Ravensworth ikakanyaga reli na kukwea, na mlio wake mle handakini ukawa mkubwa mpaka Gwenda hakuusikia tena kwa masikio, aliusikia mifupani, na kutoka nyuma ukaja mlio mwingine wa kuujibu, mamia ya watu wazima wakipiga mayowe ya furaha, wakatoka wote kwenye mwanga, kileleni, na dohani ikatema wingu jeupe na ndani yake vumbi la kijivu, laini, likawashukia abiria kwenye nywele na mabegani. Padri Ambrose alisimama dirishani ameinua kofia. Norris alilikusanya vumbi lile kiganjani, akalipeperusha taratibu.

Gwenda alicheka na kulia. Harufu ya vitunguu ilikuwa imekwisha kabisa.

Jioni walizima moto kwa mara ya mwisho. Wiki iliyofuata boila iling'olewa kwa winchi, ikapakiwa kwenye lori, ikaenda zake kutengenezwa. Bandani ikabaki fremu tupu juu ya magurudumu yake. Kipimo cha mvuke kilikuwa kimefunguliwa, na Gwenda akaketi nacho mezani mchana mmoja wa mvua, akikisugua kwa kitambaa, huku Norris akimimina chai. Walikuwa wamepatana, kwa kiasi chao.

“Amepumzika,” alisema Norris. “Alipata alichotaka.”

“Amepumzika,” alisema Gwenda.

Ndipo Norris alipokitua kikombe. “Unapika kitu?”

Mshale wa kile kipimo, kisichounganishwa na chochote, ulikuwa umeanza kupanda chini ya kitambaa chake. Ulipanda bila kutetemeka, ukapita nusu, ukafika kwenye alama nyekundu, ukatulia hapo.

Ko, ko, ko, juu ya kioo, kati ya vidole vyake.

“Baba,” alinong'ona, “injini iko vipande. Haina boila. Kibali kimekwisha. Itachukua miaka.”

Kule mwisho wa banda magurudumu ya Ravensworth yalilia kidogo, yakazunguka nusu mzunguko kuelekea mlangoni, yakasimama. Yakazunguka tena.