Mzee Aliyepanda Nami Katesh

Jioni hiyo nilikwenda barabarani Katesh kuomba lifti. Mama alikuwa mgonjwa sana kwetu, nje kidogo ya Kigoma, na nilitaka nimkute hai.

Mimi ni Gervasi, dereva wa trekta kwenye shamba la ngano la serikali. Hakuna aliyelima mstari ulionyooka kama wangu, na nilijidai kwa hilo. Ndiyo maana wiki ile nilipokuta kaburi la mzee wa Kibarabaig, tuta la udongo ambalo wenzake wakipita huliwekea majani mabichi, sikukata kona. Nilipita juu yake, nikalilima.

Mwanawe, Gidabuday, alinifuata pale barabarani na fimbo yake. Wala hakupandisha sauti.

"Baba hana pa kulala. Atakwenda kulala kwenu."

"Niondolee uchuro!" nikamfokea, nikadandia lori la magunia.

Utingo akapaza sauti: "Mwambie mzee wako ashike kamba!"

Mzee gani?

Juu kule nilikuwa peke yangu... na harufu ya udongo uliolimwa sasa hivi.

Singida nikapata basi la Manyoni. Watu walisimama hadi mlangoni, kiti cha pembeni yangu kitupu. "Hapo pana mtu," walisema. Kwenye treni kutoka Manyoni ikawa hivyo hivyo, kupitia Tabora mpaka Kigoma. Niliogopa, jamani, sikufichi. Nilitaka kushuka njiani nimpoteze, lakini mama je?

Kigoma nikaazima baiskeli. Hata kwenye mteremko ilibidi nikanyage kwa nguvu. Kuna kitu kilikaa kwenye keria.

Kilikuwa kinapumua.

Nilimkuta mama hai! Akanitazama, kisha akatazama nyuma yangu.

"Shikamoo, mzee," akanong'ona. "Gervasi, mgeni wako amechoka. Mpe kitanda changu."

Akashuka, akalala chini sakafuni. Nilimsihi, nikalia, akakataa katakata. Alfajiri alikuwa amekwishakata roho, na kitandani kwake palikuwa na udongo mweusi. Kwetu udongo ni mwekundu.

Tulimzika nyuma ya nyumba. Kijiji chetu hakina trekta, wala ng'ombe wa kulimia. Lakini kila mwaka, mvua za kwanza zikinyesha, nalikuta kaburi la mama limelimwa, kutoka kichwani hadi miguuni.

Mstari umenyooka kabisa. Nautambua.

Ni wangu.