Kituo Kilichoungua Kiliendelea Kuripoti Wagonjwa

"Gentille, ile centre ya afya ya Byiringiro haiko tena. Balishaichoma... wiki tatu sasa!"

Mama Adolphine muuza maharage alisema hivyo akiwa mlangoni mwa ofisi yetu mjini Baraka, vumbi la milimani bado miguuni.

Haki ya Mungu, nilicheka!

Kwa sababu mbele yangu, kwenye kompyuta, bulletin ya jana, yaani taarifa yetu ya kila wiki, ilisema wiki iliyopita akina mama wanne wamejifungua kwenye kituo hicho.

Wanne... kwenye majivu!

Kicheko kikanikauka.

Ngoja niwaambie mimi ni nani kabla hamjanitukana. Mwaka huo, 2020, vita huko juu Fizi ilikuwa imechacha, na mimi nilikuwa mtu wa takwimu za afya. Kila Jumatatu vituo vya afya vinapiga simu na namba zao za wagonjwa, vizazi na vifo, Wilfried anaziingiza kwenye hifadhidata. Mimi nilikuwa nimeandika script ya R, yaani maagizo ambayo kompyuta inayafuata yenyewe: inavuta namba zote, inapiga hesabu, inatoa bulletin kwa dakika mbili. Ofisi nzima wakaniita ingénieur, injinia. Na kichwa kikavimba kweli!

Byiringiro alikuwa muuguzi wa kituo hicho, cha juu kabisa milimani, kwa wafugaji. Januari aliposhuka kuchukua dawa, alinishika mkono, akaniita yaya, dada mkubwa.

"Yaya, Jumatatu kama hauone namba yangu, ujue tuko mubaya. Sema na bakubwa batume bantu."

"Nitaangalia miye mwenyewe, ndugu."

Niliapa, jamani. Sasa nani alikuwa anaandika vizazi vya kituo kilichoungua?

Nikamvaa Wilfried.

"We! Unatunga namba?"

"Mi? Jamais, hata siku moja!"

"Na hii nne imetoka wapi?"

Akafungua hifadhidata, akanionyesha kwa kidole. Jumatatu tatu mfululizo, visanduku vya Byiringiro vitupu. Hakuna kitu!

"Simu yake haikupita, nikaacha wazi. Nikasema Gentille ataona kwa bulletin yake."

Nikafungua script. Mstari wa 41.

Februari, Docteur Bonaventure, bosi wetu, alinifokea mbele ya watu: "Bulletin gani hii iko na matobo?" Vituo vya Lweba na Mboko vilikuwa vinachelewa kwa kukosa unités, yaani salio la simu tu, basi. Lakini niliona aibu. Nikaongeza mstari mmoja: kisanduku kikiwa kitupu, weka wastani wa wiki zilizopita.

Docteur akanisifu. Nikasahau.

Aliyekuwa anatunga namba ni mimi!

Nilimkimbilia Docteur nikakiri yote. Kesho yake watu wa misaada walipanda, wakakuta watu kumi na saba waliokimbia moto huo wamejificha msituni. Byiringiro alishuka nao, amekonda, daftari la kituo amelifunga kifuani kwa kitenge.

Nilitamani anipige. Hakunipiga.

"Yaya, nilibaambia: tusitoke hapa, bale bantu balichoma centre banaweza kutukuta kwa njia. Gentille ataona namba haiko. Tulikungojea."

Nilishindwa kumtazama. Akafungua daftari. Huko msituni alikuwa ameendelea kulijaza kila wiki, kama kawaida ya kazi. Wiki ya mwisho aliandika: vizazi, moja. Vifo, moja.

Kabanyana. Ndiye mama aliyekufa: alijifungua chini ya turubai, damu ikagoma kusimama, na dawa zote zilikuwa zimeungua. Bulletin yangu ya wiki hiyohiyo: vizazi vinne, vifo sifuri.

Mstari wa 41 niliufuta siku ileile. Bulletin yangu sasa ina matobo, na kila tobo nalipigia simu mimi mwenyewe. Simu isipopita, natafuta mtu wa pikipiki.

Wewe unayenisoma, unayeandika script popote ulipo: pengo usilirembe. Kuna mtu amelala njaa akiamini utaliona.

Mtoto wa Kabanyana alipona. Analelewa na bibi yake hapa Baraka, na nikienda kumwona anakimbilia mapajani kwangu.

Anaitwa Gentille. Byiringiro alimpa jina hilo kulekule msituni, wakati bado wananingoja.