Mstari wa Pili wa Kadi

Haya yalimpata kaka yangu. Ilikuwa siku ya kawaida kabisa: jua, vumbi, redio inayokoroma. Kaka ni fundi umeme wa pikipiki, na watu humwita Mita kwa sababu ya ile mita ya kupimia volti inayoning'inia shingoni mwake kutwa nzima. Mimi nashona viti vya pikipiki kwenye karakana hiyohiyo, hatua nne kutoka benchi lake.

Kila pikipiki anayoitengeneza hufungiwa kadi kwenye usukani. Kadi ina mistari miwili. Wa kwanza ni volti za betri injini ikiwa imezimwa. Wa pili ni volti injini ikinguruma. Mstari wa kwanza unakwambia kwamba betri imeshiba. Ni wa pili tu unaokwambia kama injini inailisha: ukizidi wa kwanza, inailisha; ukipungua, betri inaishiwa njiani.

Jioni hiyo mkunga alikuja kuchukua pikipiki yake. Betri ilikuwa ikimzimikia mara kwa mara, na kaka alikuwa ameiweka kwenye chaja tangu asubuhi.

"Mita, leo usiniache gizani. Watoto hawasubiri taa."

"Dada, betri hii sasa inawasha mtaa mzima."

"Hata juzi uliniambia hivyohivyo, mwongo wewe!"

Tulicheka wote watatu. Kaka akapima, akapata 12.6, akaandika. Kisha, injini ikiwa kimya, kicheko kikiwa bado mdomoni, akajaza mstari wa pili: 14.1. Ndiyo namba anayoiandika karibu kila siku. Mkono wake umeizoea.

Nilimwona. Sindano yangu ilisimama kidogo, halafu ikaendelea.

Mkunga aliondoka saa kumi na mbili kamili. Dakika hamsini baadaye, kwenye kona ya mwisho kabla ya kwao, aligongwa na lori. Dereva aliapa kwamba pikipiki haikuwa na taa. Watu wakasema ni uzembe wa mkunga mwenyewe.

Baada ya mazishi, mama yake alileta mabaki ya pikipiki kwa mkokoteni.

"Wewe ulifanya kazi yako, mwanangu," alimwambia kaka, akifungua kadi kutoka kwenye usukani uliopinda. "Tazama, umeandika mwenyewe. Sijui kwa nini alizima taa. Kaa na hivi vyuma. Mimi siwezi kuviona."

Akaondoka na kadi. Kaka hakula siku mbili.

Siku ya tatu aliitoa ile betri, akaiweka rafuni peke yake, bila waya hata mmoja. Akaipima. 12.6. Ilikuwa imeshiba, kama ilivyotoka kwenye chaja.

Saa kumi na mbili kamili akaniita kwa sauti ya chini.

"Dada. Njoo uone."

Namba ilikuwa inashuka. 12.4. 12.1. Hakuna taa iliyounganishwa. Hakuna kitu chochote. 11.7. Ilishuka taratibu, kama betri inayobeba mtu barabarani. Tulisimama hapo tukihesabu dakika bila kuambizana kwamba tunahesabu. Ilipotimia ya hamsini, ikasoma sifuri.

Asubuhi ilikuwa 12.6 tena.

Jioni ya pili, vilevile. Ya tatu kaka aliifunga kwenye chaja. Chaja ikapata moto. Namba ikashuka.

"Sikupima," alinong'ona. "Ule mstari wa pili. Sikupima, dada."

Nikashika mdomo kama mtu anayesikia jambo jipya.

Kesho yake tulikwenda kwa mama yake mkunga. Kaka alipiga magoti, akasema yote.

"Kila jioni nasikia honi yake pale kwenye kona," akasema yule mama. "Nafungua geti. Hakuna mtu."

Kisha akanigeukia.

"Na wewe, binti yangu? Ulijua?"

"Hapana, mama."

Aliingia ndani, akarudi na kadi, akamkabidhi kaka.

"Andika namba ya kweli, watu wajue mwanangu hakuzima taa."

"Siijui, mama. Sikuipima."

"Basi kaipime."

Ni kipimo gani hicho, na injini imepasuka? Lakini jioni kaka aliiweka betri mezani, na kadi kando yake. Mimi nilishika mita. Tulifunga mlango.

12.6.

12.1.

11.5.

Kaka alikuwa analia bila sauti.

11.2.

Hapo namba ikaganda. Nje, karibu sana, honi ililia mara moja. Tuligeuza vichwa mlangoni. Tulipovirudisha, mita ilisoma sifuri.

Na kadi ilikuwa imeandikwa.

14.1 ilikatwa kwa mstari mmoja ulionyooka. Pembeni yake, kwa wino wa buluu, paliandikwa 11.2. Karakana yetu haina kalamu ya buluu.

Asubuhi tuliipeleka. Mama alitoa daftari ambalo binti yake alikuwa akiandikia uzito wa watoto aliowazalisha, akaliweka karibu na kadi. Tarakimu za moja zilikuwa zilezile, zenye mkia mrefu kama ndoano. Aliipapasa kadi kwa kidole. Nikadhani yamekwisha. Nikapumua.

Akaigeuza.

Alisoma upande wa nyuma, midomo ikitembea. Hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. Alinisogezea kadi polepole, kaka akitazama.

"Soma, binti yangu."

Wino wa buluu ulikuwa bado mbichi. *Aliyepima: hakuna. Aliyeona: mshona viti.*

Nimeiosha. Nimeikwangua kwa wembe. Kila jioni, saa kumi na mbili na dakika hamsini, wino ule hulowa upya.