Vidonge Ndani ya Pakiti ya Malaria

Pikipiki ya Déo iliteleza kwenye tope, chini kidogo ya Nyabiondo. Noël, jasusi aliyekuwa akimfukuza, aliruka kutoka kwenye pikipiki yake ya TVS, bastola ya Makarov mkononi.

Déo alifyatua kwanza. Akakosa.

Noël hakukosa.

"Mabomu iko wapi?"

"Mu camion moja, inaenda Goma." Msafirisha silaha yule alishika tumbo, damu ikimpita vidoleni. "Munipeleke kwanza hospitali. Nikipona, nitasema ni lori gani."

Muda si mrefu alikuwa mezani, chumba cha upasuaji. Nicole, jasusi kijana aliyefunzwa na Noël, alimpekua akatoa pakiti ya dawa ya malaria. Noël akachungulia ndani.

Vidonge vile vilikuwa vya kupunguza mafuta kwenye damu. Alivijua, maana yeye mwenyewe alificha vyake vivyo hivyo. Kazini aliwacheka wakubwa wenye vitambi, akijisifu kuwa mwanaume wa msitu, damu safi.

Verdiane, muuguzi wa dawa za usingizi, alishika sindano ya kulegeza misuli, akamgeukia Déo. "Papa, iko dawa ingine unakunywaka kila siku?"

"Hapana," Déo alijibu. "Ya malaria tu."

Kumbe jambazi naye ana haya yake.

Noël akamtazama Nicole. Akisema anavyovijua vidonge vile, Nicole atajua siri yake. Akanyamaza.

Verdiane akatafuta mshipa.

"Mama, ngoja!" Noël akaudaka mkono wake. "Ile haiko ya malaria. Iko ya mafuta mu damu. Miye pia... miye pia ninaikunywaka."

Nicole akainamisha macho.

"Na mulikuwa munangojea nini?" Verdiane alifoka. "Hii sindano na ile dawa, zote mbili zinaweza kuumiza misuli! Na uyu muntu amekwisha kuchoka." Akaiweka kando, akavuta dawa nyingine ya kulegeza misuli.

Déo alipozinduka, alitimiza ahadi, akataja lori lililobeba makaa, lenye turubai la bluu. "Ile ya makala. Bâche ya bleu."

Noël akabonyeza redio yake ya Motorola, akawaita askari wa kizuizi cha Mubambiro. "Mubambiro. Camion ya makala, bâche ya bleu. Muisimamishe."

Baadaye redio ikaita.

"Tumeishika. Mabomu yote iko humu."

Nje, Nicole alimkimbilia mkuu wake. "Chef, kunywa dawa haiko haya."

"Najua, dada."

Vidonge havikumchoma tena. Kilichomchoma ni kwamba alimwona Verdiane akitafuta mshipa, naye akakaa kimya ili asichekwe. Alijionea aibu hadi mashavu yakamwaka.

Akavaa miwani ya jua, mvua ikinyesha, akaondoka taratibu.