Mkate Ulioumwa Ukutani

Asubuhi hiyo soko la Siyob, Samarkand, lilikuwa limefurika watu. Katikati ya msukumano ule kijana mmoja, Sanjar, alikuwa ameshika mkate akiugeuzageuza bila kuununua.

"Kaka, huo mkate si gazeti," sauti ilisema nyuma yake. "Unaliwa."

Aligeuka. Msichana alikuwa amevaa gauni la hariri la manjano na zambarau, na mikono yake ilijaa vumbi la mbao.

"Naangalia hili ua la katikati. Nani kalitia?"

"Mimi," alisema msichana, jina lake Muhayyo, wala hakuficha fahari yake. "Huo muhuri nimeuchonga mimi. Nusu ya waokaji wa hapa wanagonga mikate yao kwa mihuri yetu, ya baba na mimi."

"Mna tovuti?"

"Tunayo. Inaingiwa na watu watatu kwa siku. Wawili ni shangazi zangu."

Sanjar alicheka hadi pengo lake la mbele likaonekana. Kutengeneza tovuti ndiyo ilikuwa kazi yake, na kabla chai waliyonunua pale sokoni haijapoa alishaahidi kusaidia. Wakaanza kupigiana simu kila jioni, kwanza kuhusu tovuti, halafu kuhusu kila kitu. Lakini fundi Turob, babake Muhayyo, alikuwa ametoa neno lake: wageni wasipoagiza mihuri kabla ya Navruzi, sikukuu ya mwaka mpya, karakana itapangishwa kwa muuza vifuniko vya simu. Fedha za matangazo hazikuwepo.

Wageni wa tovuti wakafika arobaini kwa siku. Muhayyo akawatangazia baba na mtaa mzima. Kisha siku moja alichungulia walikotoka, akakuta wote wanatoka ofisi moja.

"Kaka Sanjar, hawa arobaini ni akina nani?" alimuuliza jioni kwenye simu.

"Ni mimi. Na wenzangu kazini. Nilitaka ufurahi, roho yangu."

"Nimejigamba kwa baba kwa mibofyo ya vidole vyako. Mimi si wa kuonewa huruma." Akakata.

Wiki hiyohiyo Sanjar akapata kazi Tashkent. Asubuhi ya safari aliingia karakanani, akamsalimu fundi kwa heshima, akatoa mkate, akaung'ata mara moja na kuuweka mezani. Kwetu msafiri huuma mkate nyumbani kwao, nao huangikwa ukutani umngoje arudi aumalize. Nyumbani kwao, si kwa watu. Muhayyo hakuinua macho kwenye patasi yake.

"Huyu hana haya kabisa," alisema fundi Turob, akatafuta msumari wa kuuangikia.

Muhayyo alikasirika, na hasira ikamfaa. Akazunguka kwa waokaji kuwauliza: wageni huwauliza nini? Kila swali akaliandikia ukurasa, kwa maneno yake mwenyewe, na picha alizopiga mlangoni penye mwanga. Akaziomba nyumba za wageni zitaje tovuti yake kwenye zao. Hakulipa hata tiyini. Swali lililoulizwa kuliko yote lilikuwa hili: kwa nini kuna mkate ulioumwa ukutani? Akapiga picha ule wa Sanjar, ulioangikwa mbele yake.

Ukurasa huo ukavuta watu wasiomjua hata kidogo. Maagizo yakaanza kuingia, kutoka Kazan, Almaty, hadi Istanbul. Kisha simu ikalia.

"Muhayyo, umeyaanika meno yangu duniani."

"Pengo lako linavuta watu. Usijivune."

"Jana umepata wageni elfu mbili. Naapa nimeingia mara moja tu."

"Najua. Mmoja kutoka Tashkent. Alikaa dakika arobaini kwenye ukurasa mmoja."

"Nilisoma kila neno. Nisamehe. Nilitaka kukubeba, kumbe una miguu kunishinda."

Muhayyo aliugusa mkate pale ukutani. "Mkate wako umekauka," alisema. "Njoo uumalize."

Alikuja siku mbili kabla ya Navruzi. Juu ya mlango wa karakana palikuwa na kibao kipya: *Turob na Binti*. Sanjar aliuchovya mkate kwenye chai, akautafuna wote kwa taabu, na Muhayyo akimcheka waziwazi.

Fundi alifuta mikono. "Mwambie mama yako alete mkate mwingine. Wa kuvunjwa."

Wote watatu walijua maana yake. Wazee wa pande mbili wakishauvunja mkate pamoja, binti ameposwa.

"Asiununue popote," alisema Muhayyo, ameshashika gogo la mjozi. "Muhuri wake nauchonga mimi."